Kibali cha Bafu la Mzee Emrys

Mzee Emrys Pritchard alianguka kwenye ngazi za nyumba yake asubuhi ya Jumapili, akiwa anashuka kutoka chooni. Binti yake Eirlys alimkuta ameketi katikati ya ngazi, mkono mmoja umeng'ang'ania reli, suruali haijafungwa vizuri, macho yanatazama mbele kama ya mtu anayesubiri basi.

"Umeumia, Baba?"

Mzee alitikisa kichwa. Tangu apatwe na kiharusi maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, na mengine hayakuwa yale aliyoyataka.

"Mkate," alisema, kisha akakunja uso kwa hasira, maana hakutaka mkate.

Eirlys alikaa nyuma yake, akampitishia mikono makwapani, wakashuka ngazi moja baada ya nyingine kwa makalio. Walipofika chini alikuwa ametota jasho, na ibada ilishaanza katika kanisa la ng'ambo ya barabara. Alimfunga baba yake suruali, akamwekea chai, akaenda jikoni na kuegemea sinki. Hakulia. Kulia nako kunataka nguvu, na zake alikuwa ameziacha kwenye ngazi.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, mpishi mkuu wa shule ya msingi ya Bryn Eithin, mji mdogo wa kaskazini mwa Wales uliojengwa na machimbo ya mawe ya kuezekea. Machimbo yalikuwa yamekwisha siku nyingi, ila vilima vya vifusi vyake vilibaki, vya kijivu, vimeinama juu ya mapaa kama vinasikiliza yanayosemwa chini. Emrys alifanya kazi humo tangu ujana wake hadi yalipofungwa. Eirlys aliwahi kuolewa, akaachana na mumewe bila kelele, akarudi kwa wazazi wake kipindi mama yake alipougua. Mama akafariki. Eirlys akabaki. Hakuna aliyemwambia abaki, na hakuna aliyemuuliza kama angependa kuondoka.

Nyumba yao ilikuwa katikati ya safu ndefu ya nyumba zilizogusana kuta: vyumba viwili chini, viwili juu, na bafu lililokatwa kutoka chumba kimoja cha juu. Nyuma kulikuwa na ua mdogo, kisha mlima. Choo cha chini hakikuwepo. Jumapili ile, akiwa ameegemea sinki na kuutazama ule ua uliolowa mvua, Eirlys aliamua kujenga.

Alimwita Dilwyn Zege. Akina Dilwyn Jones walikuwa wanne pale mjini, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na jina la kumtofautisha, na huyu alikuwa fundi ujenzi. Alisoma darasa moja na Eirlys, na kanisani aliimba sauti nzito ya chini, safu ya nyuma. Alikuja na futi yake mkononi, akapima ua kwa macho kabla ya kuupima kwa futi.

"Hapa tunatoa chumba cha kulala," alisema, "na hapa bafu. Mlango mpana. Mzee hatapanda ngazi tena mpaka siku ya kwenda mbinguni."

"Na kibali je?"

"Kibali cha nini? Kijumba kama hiki? Dada yangu, nimejenga vya namna hii mtaa mzima. Hakihitaji kibali. Wapigie mwenyewe kama unaniona mwongo."

Eirlys alipiga simu halmashauri saa ya mapumziko, aproni bado kiunoni. Binti wa idara ya mipango alikuwa na adabu na hakuwa na haraka. Aliuliza chumba kitatokeza mita ngapi, paa litafika kimo gani, kuta zitakuwa za rangi gani, na kama nyumba imo katika zile za zamani zinazolindwa. Eirlys akajibu yote kwa kusoma karatasi aliyoandikiwa na Dilwyn.

"Kwa vipimo hivyo," alisema yule binti, "huna haja ya kuomba ruhusa yetu. Huo ni ujenzi unaoruhusiwa moja kwa moja."

Akaongeza jambo jingine, kitu kuhusu wenzao wa udhibiti wa ujenzi, lakini wakati huohuo sufuria kubwa la viazi lilikuwa linafurika juu ya jiko, na msaidizi wake anaita. Eirlys alishukuru akakata simu. Alichokisikia ni kwamba haihitajiki ruhusa. Neno "yetu" lilimpita kando.

Kazi ilianza mwezi wa tisa. Dilwyn alichimba msingi akiukimbiza utabiri wa hali ya hewa, akamwaga zege kabla mvua haijarudi, na baada ya siku chache matofali ya saruji yakaanza kupanda. Emrys alisogezewa kiti chake dirisha la nyuma. Alitazama kutwa nzima, na Eirlys aliporudi kutoka shuleni alikuta uso wa mzee umelegea kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu kiharusi. Kuta zilipofika kimo cha dirisha, mzee alinyoosha kidole.

"Changu," alisema.

"Chako, Baba. Na bafu lako."

Ndipo akaja Meirion Tudor.

Alikuwa mtaani kwa kazi nyingine, paa la mtu lililogeuzwa kuwa chumba, akaona mashine ya kuchanganyia zege imeegeshwa mlangoni kwa akina Pritchard. Alikuwa mwembamba, mabega ya koti lake yamelowa, na aligonga mlango kama mtu aliyezoea kutokaribishwa.

"Mimi ni mkaguzi wa majengo wa halmashauri, Bi Pritchard. Naona mnajenga. Msingi ulikaguliwa na nani?"

"Hakuna aliyekagua. Niliwapigia simu. Mliniambia sihitaji ruhusa."

"Nani alikwambia?"

"Nyie! Halmashauri. Binti mmoja mwenye sauti nzuri."

Meirion alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa wazi kwamba pumzi hiyo alikuwa ameishusha milangoni kwa watu wengi.

"Huyo ni wa mipango, mama. Mimi ni wa udhibiti wa ujenzi."

"Kuna tofauti gani?"

"Naomba nikae kidogo?"

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, na Eirlys, kwa mazoea tu, akamwekea chai na kipande cha mkate wa zabibu.

"Wale wa mipango wanauliza, je, jengo hili liwepo?" alisema. "Lina ukubwa gani, linafananaje, linamziba nani mwanga. Wakikwambia huna haja ya ruhusa, maana yake hawana ugomvi na kuwepo kwake. Basi, wamemaliza. Sisi tunauliza mengine. Litasimama? Moto ukitokea mtatokaje? Unyevu hautapanda ukutani? Majitaka yataelekea wapi? Hata kijumba ambacho wao hawataki kukisikia, mimi lazima nikione. Tena nikione mapema, shimo likiwa bado shimo."

"Lakini nyote ni halmashauri."

"Ukumbi mmoja, milango miwili."

"Na katikati hakuna mlango wa kuwaunganisha?"

Meirion nusura acheke. "Ungekuwepo ningekuwa nakunywa chai ya moto. Birika liko upande wao."

Eirlys hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake, ambaye kwenye kiti chake cha dirishani alikuwa amegeuza shingo, akisikiliza.

"Sasa unataka nini?" aliuliza.

"Nataka kuona mlichokifunika."

Dilwyn alikuwa uani. Alipomwona Meirion aliweka koleo chini, na Eirlys aliona kwamba hakushangaa. Wakachimba kando ya ukuta mpya, Dilwyn akichimba na Meirion akitazama, mvua nyembamba ikiwanyeshea wote watatu. Zege lilionekana. Halikuwa nene. Chini yake hapakuwa na udongo, bali vipande vya mawe ya machimbo, vyembamba, vimelaliana kama karata zilizomwagwa, na maji yanapita katikati yake. Meirion alichukua fimbo ya chuma akaisukuma kwa kiganja. Ikazama kama kisu kwenye keki.

"Mmejenga juu ya vifusi," alisema. Hakupaza sauti. "Ua huu wote ulisawazishwa kwa mabaki ya machimbo, zamani hizo. Ukuta huu ungepasuka baridi ya kwanza, au ya pili. Na kwa kuwa umefungwa kwenye nyumba, ungeivuta na nyumba."

"Kwa hiyo?" Eirlys aliuliza, ingawa alishajua.

"Ushuke. Wote. Sipendi kuandikia watu notisi, Bi Pritchard. Nimeandika za kutosha. Lakini nikirudi nikakuta tofali moja limeongezeka, nitaandika."

Alipoondoka, Eirlys na Dilwyn walibaki uani. Maji yalikuwa yanajaa kwenye shimo.

"Ulijua?" Eirlys aliuliza.

"Kuhusu vifusi? Sikujua. Naapa."

"Kuhusu yeye. Kwamba anatakiwa kuitwa."

Dilwyn alivua kofia yake, akaikamua, akaivaa tena. "Nilijua."

"Sasa?"

"Sasa ukimwita anakuja kesho kutwa. Kesho kutwa shimo limejaa maji. Unachota, unamwita tena, anasema ongeza kina. Unaongeza. Mwezi unakatika. Nami nilikuona, Eirlys. Nilikuja asubuhi moja kuleta mchanga nikakuona kupitia kioo cha mlango, unamshusha mzee kwa makalio. Nikasema moyoni, huyu hawezi kungoja."

"Usinifanye mimi sababu."

"Sikufanyi..."

"Unanifanya. Ulitaka kumaliza upesi uende kazi nyingine, na sasa unanibebesha. Nimebeba ya kutosha, Dilwyn. Sina mahali pa kuliweka na hilo."

Kesho yake alfajiri Eirlys aliamshwa na mlio wa nyundo. Dilwyn alikuwa anaushusha ukuta, peke yake, tofali kwa tofali, anayasafisha na kuyapanga kando ya uzio. Emrys alikuwa ameshaamka, yuko dirishani. Alitazama ukuta wake ukishuka, akamtazama binti yake.

"Kwa nini?" alisema. Swali hilo lilimtoka bila kukwama hata kidogo.

Wakaanza upya. Safari hii kulihitajika michoro, na mhandisi wa kusema msingi ushuke hadi kwenye mwamba, nondo zilazwe vipi, na sakafu inyanyuliwe ili iwe sawa na ya ndani, kiti cha magurudumu kipite bila kizingiti, na maji ya mlimani yapite chini bila kuingia. Eirlys alijifunza maneno. Alijua sasa karatasi ya kuzuia unyevu inalazwa wapi, na chemba ya majitaka ni ya nani ikipita chini ya ua wa mtu. Akiwa anamenya karoti shuleni alijikuta anayarudia kimoyomoyo, kama mwanafunzi anayengoja kuitwa mbele ya darasa. Hakuyapenda. Ila alikuwa ameona kinachompata mtu anayekata simu kabla ya sentensi kwisha.

Kwa sababu hiyo, siku Meirion alipokuja kutazama michoro, ni yeye aliyeuliza.

"Sakafu ikipanda, na paa si litapanda?"

"Litapanda, ndiyo."

"Mpaka wapi?"

Meirion aliweka kidole kwenye mchoro, akahesabu kwa midomo. Kisha akasugua macho yake kwa vidole viwili.

"Hilo, mama... hilo si langu. Hilo ni la mlango mwingine."

"Niambie tu."

"Ukingo wa paa umepita kimo kinachoruhusiwa karibu na mpaka wa jirani. Si kwa kingi. Lakini umepita. Sasa unahitaji ruhusa ya mipango."

Eirlys akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka Meirion akatazama huku na huku kama anayetafuta wa kumsaidia, mpaka kutoka sebuleni Emrys akaita kwa woga, "Mkate? Mkate?" Hapo ndipo akanyamaza, akaenda kumtuliza.

Ombi lilipelekwa. Tangazo likafungwa kwa waya kwenye nguzo ya taa mbele ya nyumba, ndani ya mfuko wa nailoni, na kesho yake akaja Nesta Hopkin, jirani wa ukuta wa kushoto, mjane mwenye mdomo mwepesi na miguu mizito.

"Nimeona jina lako kwenye nguzo, shoga yangu," alisema akivuta kiti. "Nilidhani umekufa."

"Bado. Niko kwenye foleni."

"Nimesoma lote. Wanasema yeyote mwenye la kusema aandike."

Eirlys aliweka birika mezani. "Utapinga, Nesta?"

"Kupinga? Mimi? Nimemjua baba yako tangu navaa gauni la ubatizo. Sipingi." Alinywa chai kidogo. "Ila nina maoni."

"Yaseme."

"Jua." Nesta alielekeza kidevu upande wa nyumba yake. "Baridi, hapa kwetu, mlima unalichukua jua lote. Linaingia jikoni kwangu mchana tu, kwa muda mfupi, linapita juu ya huo ua wako. Nakaa pale kwenye kiti, nalipokea usoni, linaondoka. Ni hilo tu nililonalo kuanzia Novemba hadi Februari. Nyumba nzima nina hilo tu."

Alisema bila mzaha wowote, na Eirlys, aliyekuwa amejiandaa kugombana, akakosa pa kushika. Alikuwa na haki ya kukasirika na hakuwa na wa kumkasirikia. Sebuleni Emrys alikohoa.

"Andika," Eirlys alisema mwishowe. "Ni haki yako. Waandikie kama ulivyoniambia."

"Hutaninunia?"

"Nitakununia wiki moja. Kisha nitachoka."

Nesta akaandika. Ofisa wa mipango akaja, akasimama jikoni kwa Nesta mchana wa Novemba, akaona. Michoro ikarudishwa. Paa likageuzwa literemke upande wa Nesta badala ya upande wa mlima, na Dilwyn akalalamika kwamba mfereji wa maji ya mvua sasa utakuwa mahali pa kijinga, kisha akautafutia mahali.

Miezi hiyo, ua ulikuwa shimo lililofunikwa turubai, na turubai lilipiga makofi upepo ulipovuma. Emrys alilala sebuleni, na ndoo yenye kiti ilikuwa nyuma ya pazia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Eirlys alimwosha kwa beseni mbele ya moto, kipande kwa kipande, akifunika alichokwisha kuosha. Mzee alifumba macho muda wote. Eirlys hakuwahi kumuuliza kama ni kwa baridi au kwa aibu.

Baada ya Krismasi kifua kikamkaba. Mavumbi ya machimbo yalikuwa yamekaa humo tangu ujana wake, na safari hii homa ikajiunga nayo. Alipelekwa hospitali, na kwa siku kadhaa madaktari walizungumza na Eirlys kwa ile sauti ya chini. Lakini mzee akapona. Alipopona likatokea jingine: dada muuguzi wa wodi alimweleza kwa upole kwamba hawawezi kumruhusu arudi kwenye nyumba isiyo na choo wala bafu la chini. Ataanguka tena. Ilibidi aende makao ya wazee, mji wa pwani, mpaka chumba kiwe tayari.

"Kitakuwa tayari lini?" aliuliza yule dada.

"Nangoja mlango mmoja uniambie kama naweza kurudi kwenye mlango mwingine," Eirlys alisema, na yule dada akamtazama kama anayefikiri kwamba pengine wagonjwa ni wawili.

Makao yale yalikuwa safi na yenye joto. Eirlys alipanda basi kila alipotoka kazini, akakaa na baba yake hadi chakula cha jioni, akampasulia viazi, akarudi. Wazee wengine walitazama televisheni. Emrys alitazama mlango. Maneno yake mengi yalikuwa yamezidi kuchanganyika, kijiko kikaitwa kofia, lakini lilikuwepo moja ambalo hakulikosea hata mara moja, na alilisema kila Eirlys alipovaa koti.

"Nyumbani."

"Karibu, Baba. Tunasubiri ruhusa."

"Nyumbani," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia kwa mgeni mzito wa kuelewa.

Wakati mwingine, ndani ya basi, Eirlys alijiuliza kama angeacha. Angeweza kuacha. Mzee angekula, angeoshwa na watu wenye nguvu na glavu mikononi, naye angelala mpaka asubuhi bila kusikiliza kikohozi. Hakuna ambaye angemlaumu. Nesta mwenyewe alishamwambia hivyo. Aliligeuzageuza wazo hilo kila safari, na kila safari lilikuwa zuri, na alishuka kituoni akiwa nalo, lakini alipofika nyumbani na kupitia uani kuangalia turubai alijikuta anafunga kamba zake upya ili shimo lisijae maji na barafu.

Ruhusa ilifika mwishoni mwa Januari. Eirlys aliibeba hadi makao ya wazee akamsomea baba yake masharti yaliyoambatana nayo: vigae vya paa viwe vya mawe yanayofanana na ya nyumba, dirisha la upande wa jirani liwe la kioo cha ukungu, kazi ianze ndani ya miaka mitano.

"Wametupa miaka mitano, Baba."

Emrys alifikiri. "Mingi," alisema.

Wakacheka wote wawili, mzee akakohoa, na mama mmoja wa kiti cha jirani akawaambia wanyamaze, hasikii habari.

Dilwyn alijenga baridi nzima iliyobaki na masika yote. Kazi nyingine alizisogeza. Hakuna aliyemwomba, naye hakulisema; Eirlys alilijua kutoka kwa mke wa mtu aliyekuwa anangoja karakana yake. Na sasa fundi huyu alikuwa amegeuka. Alimwita mkaguzi kwa kila jambo. Shimo lilipofika kwenye mwamba alimwita, nondo zilipolazwa alimwita, karatasi ya unyevu ilipotandazwa alimwita, hata Meirion akamwambia Eirlys mlangoni, "Mama, mwambie huyu bwana nina familia."

Walijaribu mabomba ya majitaka kwa kuyajaza maji, wakasimama watatu wakitazama usawa wa maji ndani ya bomba kama wanaotazama mtoto amelala. Haukushuka. Dilwyn alipumua, akafuta uso kwa kofia.

"Ningekuita mara ya kwanza," alisema, akimwambia Meirion lakini akimtazama Eirlys, "sasa hivi tungekuwa tumeshasahau."

"Ungeniita mara ya kwanza," Meirion alisema, "ningekuja kesho kutwa na shimo lingekuwa limejaa maji."

Eirlys aliwaacha hapo, akaingia ndani kupika. Alikuwa amekwisha kumsamehe Dilwyn wakati fulani huko katikati, bila kujua ni siku gani. Hasira ilikuwa kitu kingine cha kubeba na mikono ilijaa.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa wa haraka hata ukamfadhaisha Eirlys. Meirion aliwasha feni ya bafuni akaweka kipande cha karatasi juu yake kuona kama kinanaswa. Alifungua madirisha, akayafunga. Akapima upana wa mlango, akagusa bomba la maji ya moto, akaandika kidogo.

"Basi?" Eirlys aliuliza.

"Basi. Cheti cha kukamilika kitakuja kwa posta." Alisita mlangoni. "Ni chumba kizuri, Bi Pritchard. Nimeona vingi. Hiki ni kizuri."

Emrys aliletwa mwezi wa tano, kwa gari la wagonjwa, akiwa na blanketi magotini ingawa jua lilikuwa linawaka. Walimpitisha sebuleni, jikoni, wakavuka mahali palipokuwa mlango wa nyuma, na magurudumu hayakugonga kitu. Mzee aligusa ukuta alipopita. Akaangalia kitanda, dirisha, mlima uliokuwa kwenye dirisha.

Jioni ile, wakati nje bado kuna mwanga, alimwogesha. Dilwyn alikuwa ameweka kiti cha kukunja ukutani chini ya bomba la mvua. Eirlys alimkalisha, akajaribu maji kwa kifundo cha mkono, akayaelekeza mabegani mwake. Mabega yaliruka, kisha yakashuka polepole. Maji yalimpita shingoni, kwenye makovu ya bluu ya machimbo mgongoni, kwenye mbavu zilizohesabika. Na macho yake, safari hii, yalikuwa wazi.

"Mvua," alisema.

"Ya moto, Baba."

"Ya moto." Akafungua kiganja kimoja akaiacha ijae humo. "Nzuri."

Eirlys akakaa pale pale kwenye sakafu iliyolowa, na nguo zake, na viatu vyake vya kazini, mgongo ukutani. Alitegemea kwamba siku hii ikifika atafurahi. Alingojea furaha hiyo kwa dakika kadhaa kama anavyongoja maji yachemke. Kilichokuja ni uchovu wa mwaka mzima, wote kwa pamoja, unaokaribia kuwa mtamu, na akauacha umfunike huku maji yakimrukia usoni. Walikaa hivyo mpaka maji ya moto yakaisha tangini na mzee akaanza kupiga kelele.

Emrys aliishi katika chumba kile baridi mbili. Ya pili hakuimaliza. Alifia kitandani mchana mmoja wa mvua ya mawe, Nesta akiwa ameketi naye na Eirlys akiwa njiani kutoka shuleni, na wimbo wa mazishi uliimbwa na kwaya ambayo sauti yake nzito ya chini ilikatika katikati ya ubeti wa tatu, kwa sababu Dilwyn alishindwa kuendelea.

Eirlys hakuhamia humo, ingawa watu walimshauri, na magoti yake yalianza kumsumbua. Bado analala juu, chumba chake cha tangu usichana. Bafu la chini analitumia. Katika chumba cha mzee ameweka kamba mbili kutoka ukuta hadi ukuta, na siku za mvua, yaani siku nyingi, anaanika nguo humo, na zinakauka vizuri, maana hakuna unyevu.